Tiketi moja kutoka Mtwara hadi Palma: maji yakikupwa, nani analipa?

Hebu msomaji tufunge safari. Ni alfajiri, uko stendi ya Mtwara mjini, unataka kwenda Palma, kule Cabo Delgado, Msumbiji. Ukiweka rula kwenye ramani, umbali hauzidi kilomita 70. Kungekuwa na lami na daraja, ungekunywa chai Mtwara na kula chakula cha mchana Palma bila kukimbizana na mtu.

Lakini hapo hakuna daraja. Unapanda Hiace hadi Kilambo, unalipa. Uhamiaji wanakugongea muhuri. Kutoka hapo hadi ukingo wa Ruvuma bado kuna mwendo, boda anakubeba, unalipa. Ukifika mtoni, kama kivuko cha magari kinafanya kazi na maji yamejaa, bahati yako. La sivyo ni boti au mtumbwi, na bei inategemea mzigo wako, saa uliyofika, na kama unaonekana mgeni. Unalipa. Ng'ambo kuna kituo cha Namoto na muhuri mwingine. Shilingi zako zinageuka metikali kwa bei anayoitaka aliyeshika metikali, kisha unatafuta chapa, ndivyo Wamsumbiji wanavyoita daladala yao. Unalipa tena.

Hapo umelipa watu wanne ambao hawana mkataba wowote kati yao. Boti ikichelewa na chapa ikaondoka, mwenye boti hahusiki, mwenye chapa hahusiki, na aliyekuleta kwa Hiace yuko njiani kurudi Mtwara na abiria wengine. Hasara ni yako peke yako.

Siku hizi mtu akisikia kisa hiki, jibu liko mdomoni: si watengeneze programu ya simu? Tiketi moja, malipo moja, unaonyesha msimbo wako kwenye Hiace, kwenye boti, kwenye chapa, umefika. Na mimi nilikuwa nawaza hivyo. Nilipoanza kusoma historia ya tiketi ndipo nikaona kwamba hapa Afrika Mashariki tiketi moja ya vyombo vingi na nchi zaidi ya moja tuliwahi kuwa nayo, zamani kabla hata ya kompyuta. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini ilikufa.

Kipande cha kadi na karani wa London

Tuanzie mbali kidogo, Uingereza ya miaka ya 1830, maana huko ndiko tatizo lilikotatuliwa mara ya kwanza kwa njia inayoeleweka. Reli za mwanzo zilikuwa mali ya kampuni nyingi ndogondogo. Mkuu wa stesheni alikuandikia tiketi kwa mkono, kama risiti. Thomas Edmondson, aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli ya Newcastle na Carlisle, akachoshwa na hilo. Akatengeneza kadi ndogo ngumu, ambayo tayari imechapwa jina la mwanzo wa safari na mwisho wake, na yenye namba ya mfululizo. Namba ndiyo ilikuwa siri yenyewe. Jioni ukitazama namba ya kadi ya mwisho iliyouzwa, unajua ni pesa ngapi zinapaswa kuwa kwenye droo. Kadi hizo zilisambaa duniani, na reli za Afrika Mashariki nazo zilizitumia kwa miaka mingi.

Kadi hiyo lakini ilimaliza nusu tu ya tatizo. Abiria akikata tiketi moja inayopita kwenye reli za kampuni tatu, pesa yote inabaki kwa aliyeuza. Wengine wawili watapata vipi chao? Januari 1842 ikaanzishwa London taasisi iliyoitwa Railway Clearing House. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha kupita maelezo: makarani walikusanya tiketi zilizotumika, wakahesabu maili ambazo abiria alisafiri kwenye reli ya kila kampuni, wakagawa nauli kwa uwiano huo, kisha wakawaambia wakubwa nani anamdai nani. Wazo lilitoka kwa mabenki, ambayo tayari yalikuwa yanasuluhisha hundi zao kwa mtindo huo. Mashirika ya ndege yalifanya jambo lile lile kupitia IATA kuanzia 1947, na ndiyo maana leo unaweza kupanda ndege za mashirika mawili kwa tiketi moja.

Kwa hiyo ukiona tiketi moja inafanya kazi kwa vyombo vingi, jua nyuma yake kuna mambo mawili. Kuna mtu anayegawa pesa, na kuna mtu anayebeba lawama kiungo kikikatika. Simu haikupi hata kimoja kati ya hivyo. Inachofanya ni kupeleka taarifa haraka.

Shirika lililomiliki kila kitu

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki haikuwa na kampuni nyingi za reli za kugombana. Serikali ya kikoloni ilichukua njia nyepesi zaidi, ikaweka kila kitu chini ya shirika moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Katika miaka ya 1930 reli ya Kenya na Uganda ilikuwa na treni, ilikuwa na meli, na ilikuwa na magari ya barabarani. Abiria alitoka Mombasa kwa treni hadi Jinja, akaendelea kwa reli hadi Namasagali kwenye Mto Nile, akapanda meli ya magurudumu kupitia Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Hapo gari la shirika likamchukua hadi mji wa Masindi, akalala kwenye hoteli ya shirika (naam, hata hoteli ilikuwa yao), kesho yake akateremshwa hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, akapanda meli ya Robert Coryndon kuelekea Kongo au kuteremka Nile kwenda upande wa Sudan. Treni, meli, gari, kitanda, meli. Treni ikichelewa, meli ilikuwa na sababu ya kusubiri, kwa sababu bosi ni mmoja na kitabu cha hesabu ni kimoja.

Mwaka 1948 mashirika ya Kenya, Uganda na Tanganyika yakaunganishwa kuwa East African Railways and Harbours. Na hapa ndipo Mtwara inapoingia kwenye simulizi, kwa mlango ambao pengine hukuutarajia: karanga.

Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake makubwa. Karanga zilihitaji reli, reli ilihitaji bandari yenye kina, na Mikindani ya zamani, ambako David Livingstone alishukia 1866 kuanza safari yake ya mwisho, haikutosha kwa meli kubwa. Ikajengwa bandari mpya Mtwara, na reli ya Jimbo la Kusini. Bandari na reli vikawa chini ya shirika lile lile la Afrika Mashariki. Kwa miaka michache Mtwara ilikuwa mwanachama kamili wa mtandao mmoja unaofika Kampala, wenye bei zilizopangwa na ofisi moja.

Karanga zenyewe hazikuota. Mpango ulitelekezwa 1951 na Uingereza ikafuta pauni milioni 36 na ushee. Reli ilijikongoja bila mzigo wa kutosha, ikafungwa 1962, na mataruma yake yakang'olewa. Bandari ikabaki, na korosho ndiyo iliyokuja kuipa kazi baadaye.

Unaona lakini kitu kimoja? Hata katika siku zake nzuri, mtandao ule haukuvuka Ruvuma. Reli ilitoka bandarini ikaelekea magharibi, sambamba na mpaka, kama vile upande wa kusini ni ukingo wa dunia. Wakati huohuo maelfu ya Wamakonde kutoka Msumbiji walikuwa wanavuka mto kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walivuka kwa mitumbwi, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa kwa miguu. Kwa shirika la reli hawakuwa abiria.

Sababu si mto tu. Kati ya Kampala, Mombasa na Dar es Salaam kulikuwa na shilingi moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, sheria za mtindo mmoja wa Kiingereza, na mmiliki mmoja. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na eskudo, sheria za Kireno, na serikali ya Lisbon. Ajabu ni kwamba mpaka wenyewe mdomoni mwa mto haukuwa mahali pamoja siku zote. Wajerumani na Wareno walikubaliana 1886 kuufuata Ruvuma, lakini 1894 Wajerumani wakaikalia Kionga, iliyoko kusini ya mlango wa mto. Wareno wakairudisha 1916 katikati ya vita, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 20 safari ya Mikindani hadi Kionga ilikuwa safari ya ndani ya koloni moja. Kijiji hakikuhama, watu walikuwa wale wale na maji yalijaa na kupwa vile vile.

Tiketi ilivyovunjika

Wengi tunajua Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, na tunajua habari za ndege na siasa. Kwenye tiketi, mvunjiko ulianza mapema. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa sarafu yake. Mwaka 1969 shirika la reli na bandari likagawanywa, reli makao makuu Nairobi na bandari Dar es Salaam. Tayari pesa zilikuwa na matabaka matatu ya sarafu, na ofisi ya nchi moja ilipokusanya nauli za safari inayomalizikia nchi nyingine, kuhamisha fedha hizo ikawa ugomvi. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kugawana mali na madeni kulimalizika kwa makubaliano ya 1984 tu, baada ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika nayo kwa miaka.

Nataka ulione hili vizuri. Mabehewa yalikuwepo, reli ilikuwa na upana ule ule, makarani walijua kazi. Tiketi moja ilikufa kwa sababu ilisimama juu ya mmiliki mmoja, na mmiliki alipokufa hakukuwa na sheria yoyote chini yake ya kuishikilia. Waingereza wa 1842 walikuwa na kampuni nyingi na msuluhishi mmoja. Sisi tulikuwa na kampuni moja bila msuluhishi, maana hatukumhitaji, mpaka siku tulipomhitaji.

Kuna mtoto mmoja aliyenusurika, TAZARA. Hii ilikabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tanzania na Zambia zinaimiliki nusu kwa nusu, na iko chini ya sheria zilizotungwa na mabunge ya nchi zote mbili. Kwa tiketi moja unapita Tunduma na kuendelea. Usafiri wenyewe una matatizo yake, anayeupanda anayajua, lakini kisheria TAZARA inathibitisha kitu muhimu kwa watu wa Ruvuma. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Msumbiji vilevile si mwanachama. Hakuna haja ya kusubiri jumuiya. Nchi mbili zikikaa mezani zinaweza.

Nani msimamizi wa kiungo?

Leo basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam liko chini ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua sehemu ya kazi za SUMATRA. LATRA ndiyo inayosukuma tiketi mtandao kwenye mabasi ya mikoani, na nia inaeleweka: nauli iliyopangwa ndiyo ilipwe, mapato yajulikane, mpiga debe asikuuzie kiti ambacho hakipo. Boti ni suala la TASAC. Vivuko vya serikali vinaendeshwa na TEMESA. Ndege ya Mtwara ni ya TCAA. Mpakani kuna Uhamiaji na TRA. Malipo ya simu yanaangaliwa na Benki Kuu. Na kila mmoja anafanya kazi yake.

Isipokuwa kwamba abiria haumii ndani ya chombo peke yake. Mara nyingi anaumia pale anaposhuka kwenye kimoja na kungoja kingine, na pale hapana mwenyewe. SUMATRA ya zamani angalau ilishika nchi kavu na majini pamoja. Tulipoigawa tulipata wataalamu zaidi kwa kila upande, hilo sipingi, lakini ule mstari wa maji na mchanga ukawa mpaka wa ofisi pia.

Wenzetu wamejaribu na kuna cha kujifunza. Kenya ilitangaza kwamba kuanzia Julai 2014 matatu zisipokee pesa taslimu. Kadi zikamiminika: BebaPay ya Google na Equity ilikuwa imetangulia 2013, zikafuata nyingine, na ya huyu haikubaliki kwenye gari la yule. Konda naye aliishi kwa pesa ya mkononi: mafuta, chakula, na mengine tusiyoyaandika. Tarehe ikasogezwa, kisha mpango ukafa wenyewe. Kigali ilifanya kinyume. Kwanza, 2013, mamlaka ya udhibiti iligawa jiji katika kanda na kuzipa kampuni chache mikataba. Kadi ya Tap&Go ikaja baadaye, ikawakuta watu wa kuwajibishwa tayari wapo. Nadhani mpangilio huo ndio uliofanya tofauti, mkataba kwanza halafu mashine.

Ulaya nako, wanakotuambia kila kitu kimepangwa, mambo hayajaisha. Kanuni yao ya 2021 kuhusu haki za abiria wa reli, inayotumika tangu Juni 2023, inasema kampuni ya reli ikikuuzia tiketi moja ya safari nzima na ukakosa treni ya pili, itawajibika. Wakala aliyekuunganishia tiketi tofauti kwa malipo mamoja bila kukueleza kwamba zimetengana anatakiwa akurudishie nauli yote na kuongeza fidia ya asilimia 75. Sheria kali, tena nzuri. Lakini ni ya treni kwa treni. Kwa safari ya treni, basi na meli pamoja, pendekezo lao lilitoka Novemba 2023 tu.

Saa ya mwezi

Sasa tuingie kwenye sayansi kidogo, maana Ruvuma ina tatizo ambalo Brussels hawanalo.

Mifumo mingi ya tiketi na ratiba inatumia muundo wa data unaoitwa GTFS, uliozaliwa 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri la Portland, Marekani. Msingi wake ni siku za wiki: Jumatatu hadi Ijumaa basi linapita saa hii, Jumamosi saa ile. Watafiti wa Nairobi walipotaka kuweka matatu kwenye muundo huo, kazi iliyotangazwa 2014 kwa jina la Digital Matatus, walikuta matatu haina saa maalum, ikabidi waandike kwa makadirio ya kila baada ya dakika ngapi.

Kivuko cha Kilambo ni kigumu kuliko matatu. Saa anayo, lakini ni saa ya mwezi. Dunia ikijizungusha mara moja, mwezi nao umesogea kidogo kwenye njia yake, kwa hiyo mahali fulani duniani panahitaji kama saa 24 na dakika 50 kurudi chini ya mwezi ule ule. Ndiyo maana maji yakijaa leo saa 12 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 12 na dakika 50, na wiki ijayo saa 12 asubuhi utakuta yamekupwa, mchanga mtupu. Juu ya hapo kuna bamvua na maji mafu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, maji yanapanda sana na kushuka sana. Katikati yake yanacheza kidogo tu. Kwenye mdomo wa mto wenye mafungu ya mchanga yanayohama kila masika, hiyo ni tofauti kati ya kivuko kupita na kivuko kukwama.

Mzee yeyote wa pwani anakuambia haya bila karatasi. Na yanaweza kukokotolewa miaka mbele, bandari zina majedwali yake. Kwa hiyo kuyaingiza kwenye programu si muujiza, ni uamuzi tu wa kutolazimisha kalenda ya wiki kwenye mto unaofuata mwezi. Lenye uzito zaidi ni la kisheria. Kukupwa kwa maji hapa si janga la ghafla. Muuza tiketi akikuuzia boti ya saa 3 asubuhi siku ambayo jedwali linaonyesha saa 3 ni mchanga, asije akajitetea kwa kudra ya Mungu. Alijua, au alipaswa kujua.

Jina lako kwenye orodha

Mpaka hapa nimezungumzia pesa na muda. Kuna zito kuliko hivyo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Walikufa watu zaidi ya 220. Katika siku zile za mwanzo swali la waliokuwa ndani ni wangapi halikuwa na jibu la uhakika, kwa sababu aliyekuwa akikatisha tiketi alizama, na mashine yenye kumbukumbu ikazama naye. Aprili 2024, upande wa Msumbiji, boti ya uvuvi iliyojaza watu kupita kiasi ilizama karibu na Ilha de Moçambique, wakafa karibu watu 100. Boti ya uvuvi haina orodha ya abiria.

Fikiria sasa mtumbwi wa Ruvuma. Ukipinduka, nani anajua ulikuwemo? Ndugu zako watadai bima kwa ushahidi gani? Tiketi yenye kumbukumbu iliyohifadhiwa nchi kavu, siyo ndani ya chombo chenyewe, ndiyo faida kubwa kuliko zote za tiketi ya kidijitali mahali kama hapa, na nashangaa wauzaji wa mifumo wanavyoitaja mwisho, baada ya punguzo la bei.

Lakini orodha ina upande wa pili. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa kwenye vita. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Machi 2021 Palma yenyewe ilivamiwa, na watu walikimbia kila upande. Mwaka huo UNHCR ilieleza wasiwasi wake kuhusu watu waliokuwa wakifika mpakani na kurudishwa. Sasa weka kwenye picha hiyo mfumo unaojua nani kavuka lini, na nani, kwa simu gani. Kwa mfanyabiashara wa vitenge ni risiti. Kwa mtu anayekimbia, au kwa familia yenye ndugu pande zote mbili, orodha hiyo hiyo inaweza kugeuka kitu kingine, kulingana na ofisi inayoishika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na inagusa taarifa zinazovuka mpaka. Swali ambalo mkataba wowote wa tiketi ya Ruvuma ungepaswa kulijibu kwa sentensi iliyo wazi ni taarifa za abiria zinakaa siku ngapi, na nani anaruhusiwa kuzifungua. Mlinzi wa chombo anahitaji jina lako mpaka ufike ng'ambo. Bima inalihitaji miezi kadhaa. Baada ya hapo sioni wa kulihitaji.

Wapo watakaosema eneo lenyewe la vita, abiria wachache, haya yote ni ndoto. Nimewaza hivyo pia. Lakini Nyerere na Samora Machel walizungumzia daraja la Ruvuma 1975, na Daraja la Umoja, mita 720, likafunguliwa Mei 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, baada ya miaka 35. Liko mbali sana na pwani, bara kabisa, halimsaidii anayetaka Palma. Hata hivyo linaonyesha kwamba mikataba ya mto huu huwa inaanza kuandikwa wakati mambo bado mabaya.

Kama ingekuwa mimi naandika rasimu ningeanza kidogo sana. Chombo kimoja tu cha pamoja, kwa mfano wa TAZARA lakini bila kumiliki gari wala boti, cha kusuluhisha hesabu kwa shilingi na metikali kwa bei ya ubadilishaji ya siku iliyotangazwa hadharani. M-Pesa ipo pande zote mbili, Tanzania tangu 2008 na Msumbiji tangu 2013, kwa hiyo simu za kulipia tayari ziko mikononi mwa watu. Mwenye boti alipwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, maana petroli ya kesho haingoji makarani, na hapo ndipo kadi za Nairobi zilipoteleza. Vyama vya wenye boti na wenye Hiace viwe mezani tangu mwanzo, siyo kuitwa siku ya uzinduzi kupiga makofi. Asiye na simu janja akatiwe tiketi na wakala kwa kitochi, na mwenye pesa taslimu asizuiwe kuvuka.

Na ukurasa wa kwanza uwe na kifungu kimoja: aliyeuza safari nzima anajibu kwa safari nzima. Abiria akikwama Kilambo kwa sababu ratiba haikusoma jedwali la maji, alale kwa gharama za muuzaji na avushwe kesho yake, dakika 50 baadaye kuliko leo.